Bibi Rose na almasi ya baharini: alikuwa na haki ya kuitupa?

Na Mwandishi Wetu

NI usiku, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Bibi kizee anayekaribia miaka 101, peku, gauni la kulalia likipepea, anajikokota hadi nyuma kabisa ya meli ya utafiti ya Kirusi na kukanyaga vyuma vya ukingo. Mkononi ana kidani chenye almasi ya buluu iliyochongwa umbo la moyo. Anakitazama, kumbukumbu zinapita, kiganja kinafunguka. Kidani kinazama. Bibi anatoa kijimguno, kama mtoto aliyefanya utundu makusudi.

Kwenye vibanda umiza, hapo ndipo kelele zilipoanzia. Watu waliokuwa wakifuta machozi kwa ajili ya Jack, mpenzi wa Rose aliyefia majini, walisahau msiba papo hapo. Huyu anamwita bibi mchawi, yule anauliza kama hana wajukuu, mwingine anataka mkanda urudishwe nyuma ahakikishe kama kweli kimeanguka au kimeteleza.

Filamu ni Titanic ya James Cameron, iliyoanza kuoneshwa kwenye kumbi za Marekani Desemba 19, 1997. Karibu miaka 30 imepita na ubishi haujaisha. Suala la kama Jack angeweza kutosha juu ya ule ubao limewapa Wazungu kazi kubwa. Huku kwetu linaloamsha watu vitini ni hili la almasi, na nadhani sisi ndio tulioshika swali lenye uzito.

Maana likiangaliwa kwa makini, si swali la mapenzi tu. Ni la mali: kidani kilikuwa cha nani, nani alikuwa na neno la mwisho juu yake, na nani alidhulumiwa kilipozama.

Gramu 11 za ugomvi

Kwa asiyeikumbuka hadithi, kidani kinaitwa Moyo wa Bahari. Caledon Hockley, mrithi wa tajiri wa chuma cha pua, anamnunulia mchumba wake Rose. Meli inapozama usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, Hockley anamvika Rose koti lake akiwa amesahau kwamba kidani kimo mfukoni. Rose anakigundua akiwa tayari yuko New York, mvua inanyesha, na jina amekwisha kubadilisha.

Hakukiuza. Aliolewa na mwingine, akazaa, akalea, akazeeka. Miaka 84 baadaye anafika mtafuta hazina, Brock Lovett, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akichokonoa mabaki ya meli kwa ajili ya jiwe hilo. Rose anaalikwa, anasimulia kisa chote, na muda wote huo jiwe analo.

Kwenye filamu, almasi hiyo ina karati 56. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia gramu 11 na kidogo. Kijiko cha chakula kilichojaa sukari kinaizidi uzito.

Cameron hakulitunga jiwe kutoka hewani. Wafalme wa Ufaransa walikuwa na almasi kubwa ya buluu iliyoibwa Septemba 1792, wakati wa mapinduzi, hazina ya ufalme ilipovunjwa. Jiwe hilo lilikatwa upya na leo linajulikana kama almasi ya Hope, karati 45.52. Liko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Sonara Harry Winston ndiye aliyelitoa kwa jumba hilo mwaka 1958, akalituma kwa posta ya kawaida ya rejista kama mtu anayetuma cheti cha kuzaliwa. Filamu inadai Moyo wa Bahari ulitokana na hazina hiyo hiyo ya kifalme.

Na kile tulichokiona kikizama hakikuwa almasi hata kidogo. Masonara wa London, Asprey & Garrard, walikitengeneza kwa zirkonia, jiwe la kiwandani, wakalizungushia dhahabu nyeupe. Filamu yenyewe iligharimu dola milioni 200, ikawa ya kwanza duniani kuvuka mapato ya dola bilioni moja, ikabeba tuzo 11 za Oscar. Kwenye sherehe ya tuzo hizo, Machi 1998, Gloria Stuart aliyecheza kama Rose mzee alifika akiwa na almasi halisi ya buluu shingoni. Filamu iliyohubiri kwamba kito si kitu ikageuka kuuza vidani vya mfano dunia nzima. Biashara haina haya.

Mali iliyokwisha kulipiwa

Tuanze na upande ambao watazamaji wengi huupita haraka, kwa sababu unatajwa kwa sentensi chache tu kwenye filamu.

Lovett aliijuaje habari ya almasi? Kupitia kumbukumbu za bima. Mara baada ya ajali, baba yake Caledon, Nathan Hockley, alidai fidia ya kidani kilichopotea, na dai likalipwa kwa siri kubwa. Lovett anamwambia Rose hayo uso kwa uso, na bibi mwenyewe anakisia kwamba mdai alikuwa Hockley.

Hapo mambo yanabadilika. Kanuni ya bima ni moja, iwe London, New York au Dar es Salaam: mwenye mali akishalipwa thamani yote, haki juu ya mali hiyo inahamia kwa aliyelipa. Ukiwa na bima kubwa, gari likaibwa, ukalipwa, halafu polisi wakalipata Tunduma, gari si lako tena. Ni la kampuni.

Akina Hockley hawakupoteza hata senti. Aliyepoteza ni aliyewalipa.

Kwa hesabu hiyo, Rose alitupa baharini mali ya kampuni ya bima. Wakili angeweza kujenga kesi, ingawa angepata shida kumshawishi hakimu amfunge mshtakiwa wa miaka 101. Nami nakiri siwezi kuwalilia watu wa bima. Walikusanya michango, wakakadiria hatari, wakalipa walichotakiwa kulipa. Hiyo ndiyo kazi waliyoichagua, na hakuna mtoto wao aliyelala njaa kwa sababu ya jiwe la Rose.

Mchumba akikataa

Upande wa pili una uzito zaidi kwa msomaji wa huku, kwa sababu unahusu uchumba.

Kidani kile hakikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kilitolewa ili ndoa ifungwe. Rose aliikataa ndoa. Katika jamii zetu nyingi, posa ikivunjika kuna vikao: wazee wanakaa, kilichotoka kinahesabiwa, kinachorudi kinarudi. Kwa Waislamu, mahari iliyotangulizwa kabla ya nikahi hurudishwa ndoa isipofungwa. Kuhusu zawadi nyingine wanazuoni wana maelezo tofauti, hasa wakizingatia ni nani aliyevunja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 71 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba aliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Ingekuwa Kisutu na si Atlantiki, Caledon angekuwa na hoja ya kufungulia jalada.

Lakini Caledon huyu ni yupi? Ni aliyempiga kofi mchumba wake, akapindua meza ya chai kwa hasira, akawakimbiza wapendanao kwa bastola kwenye meli inayozama, akachukua mtoto wa watu aliyepotea ili apate nafasi kwenye mashua. Kidani alikitia yeye mwenyewe kwenye koti, na koti akamvika Rose kwa mkono wake. Mshenga gani angethubutu kwenda kumdai binti mali ya mtu wa namna hiyo? Zaidi ya hayo, ukoo wake ulikwisha lipwa. Angekidai na kidani, angekuwa amekula mara mbili.

Kwa hiyo pande mbili zenye hati mkononi, bima na Hockley, naziweka pembeni. Anabaki Rose mwenyewe, na waliomzunguka.

Upande wa Rose

Wanaomtetea bibi wana hoja, na kubwa kati yake haikuonekana ukumbini.

Cameron alipiga picha mwisho mwingine, kisha akauondoa. Umo kwenye toleo la DVD la mwaka 2005. Humo Lovett na Lizzy, mjukuu wa Rose, wanamwona bibi ukingoni na kumkimbilia. Bibi anaonesha jiwe. Anaeleza kwamba ugumu wa kuwa maskini ulizidishwa na kujua kwamba ana utajiri huo ndani, lakini kila alipofikiria kuuza alimkumbuka Cal, yaani Caledon, na kila mara akapata njia ya kuishi bila msaada wake. Anamruhusu Lovett alishike kidogo, kisha analirusha. Mmoja wa wafanyakazi anapiga kelele ya uchungu. Lovett anacheka.

Cameron aliufuta mwisho huo, na kwa kicheko kile cha Lovett alifanya vizuri. Mtu aliyetumia miaka mitatu hacheki hivyo. Ila pamoja na kicheko akayatupa na maelezo, na ndiyo maana watazamaji wetu waliobaki na bibi aliyenyamaza walimwona mwendawazimu.

Maelezo yale yanatuonesha mwanamke aliyepita mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, watu wakipanga foleni ya mkate, naye ana utajiri wa kifalme nyumbani, akakataa kuugusa. Kila chakula alichokula alikitolea jasho lake. Kuuza kungekuwa kumpa Cal nafasi ya kumlisha.

Halafu kuna kaburi. Titanic ilizama na watu zaidi ya 1,500, na mabaki yake yako karibu mita 3,800 chini ya maji. Filamu ilipofika Tanzania, jeraha la MV Bukoba lilikuwa bichi. Meli hiyo ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996 na mamia ya watu. Pale Igoma, Mwanza, yapo makaburi ya waliopatikana. Wenye ndugu wasioopolewa hawana kaburi zaidi ya ziwa lenyewe. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini bibi alitaka kuacha kitu mahali pale alipolala Jack.

Na kutupa kitu cha thamani majini si uzushi wa Hollywood. Watawala wa Venice kwa karne nyingi walitupa pete baharini kila sikukuu ya Kupaa. Muhammad Ali, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1975, alisimulia kwamba aliitupa medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya 1960 kwenye Mto Ohio baada ya kunyimwa huduma mgahawani kwa sababu ya rangi yake. Baadaye ilielezwa kwamba medali ilipotea tu, na mwaka 1996 kule Atlanta alipewa nyingine. Watu wameendelea kukipenda kisa cha mto. Kinafanana na Ali kuliko ukweli wenyewe.

Tofauti ni kwamba medali ilikuwa ya Ali peke yake. Aliipigania kwa ngumi zake, na kama aliitupa, alijitupia mwenyewe.

Tunaoyajua mawe

Kwa nini basi hasira yetu huwa kali kuliko ya Mzungu? Sikubaliani na wanaosema ni tamaa.

Sisi ni watu wa mawe. Tanzanite, jiwe la buluu lisilopatikana kwingine kokote duniani zaidi ya Mirerani, wilayani Simanjiro, tunajua linavyotoka ardhini. Jumanne Ngoma, anayetambuliwa na serikali kuwa mgunduzi wake mwaka 1967, alingoja hadi Aprili 2018, akiwa mzee na mgonjwa, ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kumpa shilingi milioni 100 siku ya kuzindua ukuta wa kuzunguka migodi. Januari 2019 akafariki.

Mwaka uliofuata mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alileta mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1 hivi. Serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Alipoulizwa atafanya nini na fedha, Laizer alizungumzia shule na maduka kwa ajili ya watu wa kwao.

Jiwe kwetu lina shule ndani yake, lina zahanati, lina kisima. Anayelitupa ametupa na hivyo.

Mtu aliyekulia kwenye hesabu hizo akimwona bibi anafungua kiganja, haoni mapenzi. Anaona ada za watoto zikizama. Wala hasira hiyo haitokani na kutoielewa filamu. Ameielewa, anachokataa ni dharau yake kwa mali.

Pwani hesabu hiyo ina sura nyingine, ya wanawake. Kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, dhahabu ya mwanamke ni benki yake. Anapewa akiolewa, anaongeza biashara ikikubali, anaweka rehani mtoto akiugua, anaikomboa, na siku zake zikikaribia anaita binti au mjukuu na kumwonesha bangili ipi ni ya nani. Mume hana sauti hapo. Dhahabu hiyo inaweza kuwa na historia chungu, ilitoka kwa mume mkatili au ndoa iliyokufa, lakini uchungu haufuti zamu ya binti. Wengi wameziyeyusha bangili za mume mbaya kwa sonara, wakatengenezewa mkufu mpya, wakamvika mtoto. Rose hakuifikiria njia hiyo.

Kidani cha Kate

Anayedhani ninailinganisha filamu na watu halisi bila haki, ajue kwamba ndani ya Titanic ya kweli kulikuwa na kidani cha kweli.

Henry Morley, mfanyabiashara wa peremende na vitamutamu wa Worcester, Uingereza, alikuwa na mke na mtoto. Alitoroka na msichana aliyekuwa akifanya kazi dukani kwake, Kate Phillips, wa miaka 19. Walisafiri daraja la pili kama Bwana na Bibi Marshall, wakielekea Marekani kuanza upya. Kate alikuwa na kidani cha yakuti ya buluu alichopewa na Morley.

Morley alizama. Kate akaokolewa, na Januari 1913 akajifungua binti, Ellen. Binti huyo alikua bila jina la baba kwenye cheti chake cha kuzaliwa, jambo lililomsumbua hadi uzeeni. Hakuwahi kumwona baba yake. Kilichokuwepo ni kile kidani.

Kate alikuwa na sababu nyingi za kukichukia, pengine kuliko Rose. Kilimkumbusha kashfa, kifo na umaskini. Lakini hakikuishia majini. Kilimfikia Ellen, na baadaye kikaoneshwa hadharani kwenye maonyesho ya Titanic, watu wakasimama mbele yake na kusikia kwamba palikuwa na Henry Morley.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Yakuti ya Kate ilikuwa daftari. Kwenye filamu, Rose mwenyewe anasema hana hata picha moja ya Jack. Kitu pekee cha usiku ule kilichokuwa mikononi mwake, pamoja na kuwa kilitoka kwa Cal, ni kile ambacho Jack alimchora akiwa amekivaa. Akakitupa.

Deni la Lizzy

Sasa tumtazame mtu ambaye filamu inamsahau kabisa mwishoni. Lizzy ndiye anayeishi na bibi yake, anayemtunza, anayesafiri naye kwa helikopta hadi katikati ya bahari na kuhangaika kama bibi amekula dawa. Kwa siku zote hizo hakuwahi kuambiwa kwamba kuna kidani. Hakuambiwa hata kwamba bibi alikuwa kwenye Titanic, hadi runinga ilipoonesha ule mchoro wa Jack.

Wanaomtetea bibi watasema utajiri wa ghafla huvunja koo, na ni kweli; kila mtaa una nyumba ya urithi iliyofungwa kufuli na ndugu wasiosalimiana. Wataongeza kwamba habari ingevuja, bima ingekuja na mawakili, akina Hockley waliobaki wangeamka, na Lizzy angerithi kesi badala ya almasi. Hoja hiyo naiheshimu. Ingetosha kama bibi angemwita mjukuu, akamweleza, akamwachia aamue, hata kama uamuzi wenyewe ungekuwa kwenda naye ukingoni wakakitupa pamoja.

Badala yake aliamua peke yake, usiku, kisha akarudi kulala.

Kwa Lovett hakukosa. Mtafuta hazina hana deni kwa mtu. Kwa Caledon hakukosa. Kwa bima alikosa kidogo, kosa la kulipia faini. Na kuhusu Jack, bibi alijua anachofanya kuliko sisi sote tuliokuwa kwenye mabenchi. Hatia ya Bibi Rose ni moja: alikuwa na mjukuu mwema aliyemtunza, akampokonya haki ya kujua na haki ya kuamua. Kwa hilo, waliopiga kelele kwenye vibanda umiza walikuwa sahihi.